Kuvu ya Mahindi Huwasha Sumu Lini?

Mahindi mawili yametoka shamba moja huko Kathonzweni. Yamevunwa siku moja, na yote mawili yana ukungu wa kijani uliochanganyika na manjano upande wa ncha. Moja lina sumu ya kutosha kumdhuru mtu. La pili halina sumu hata kidogo, ingawa limeharibika vile vile. Hindi la tatu, ambalo mkulima amelitenga kwa sababu ni safi na litapikwa jioni, huenda lina sumu kuliko hayo mawili. Macho hayawezi kuyatofautisha. Pua na ulimi pia haviwezi.

Jambo hili limewachanganya wakulima wengi wa Makueni kwa miaka mingi. Mzee mmoja atasema kwamba yeye na wazazi wake walikula mahindi yenye kuvu wakati wa njaa na hawakuona lolote. Jirani yake atakumbuka mazishi ya mwaka wa 2004. Wote wawili wanasema kweli. Si kila kuvu hutengeneza sumu, na ile inayoweza kuitengeneza haifanyi hivyo kila saa. Ndani ya kuvu mna jeni zinazowashwa na kuzimwa kama taa, na mkulima akijua ni nini huziwasha, ataelewa ni kwa nini afisa wa kilimo humsisitizia mambo yale yale kila msimu.

Sumu inayozungumziwa ni sumukuvu aina ya aflatoksini. Kuvu inayoitengeneza zaidi katika mahindi huitwa Aspergillus flavus. Huishi kwenye udongo na kwenye mabua, magunzi na mabaki mengine ya mimea yaliyoachwa shambani. Vumbi lake la kijani, ambalo ndilo mbegu zake, hupeperushwa na upepo na kubebwa na wadudu hadi kwenye ndevu za mahindi.

Dunia iliitambua sumu hii mwaka wa 1960 nchini Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa baada ya kulishwa mashudu ya njugu karanga yaliyotoka Brazil. Jina aflatoksini lenyewe limeundwa kutokana na herufi za mwanzo za jina la kuvu hiyo na neno la Kiingereza lenye maana ya sumu. Ukambani haukuchelewa kuifahamu. Mwaka wa 1981, katika wilaya ya Machakos ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, watu 20 walilazwa hospitalini baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, na 12 kati yao wakafariki.

Kisha ukaja mwaka wa 2004. Kati ya Januari na Julai watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao wakitoka Makueni na Kitui. Mahindi mengi yalikuwa yamevunwa kukiwa na mvua isiyo ya msimu na kuwekwa ndani ya nyumba yakiwa mabichi. Uchunguzi uliofanywa kwenye masoko 65 ya eneo hilo ulikusanya sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake. Zaidi ya nusu zilipita kiwango cha mikrogramu 20 kwa kilo, kilichokuwa kikiruhusiwa wakati huo, na asilimia 7 zilipita mikrogramu 1,000. Leo kiwango cha juu kinachoruhusiwa nchini Kenya ni mikrogramu 10 kwa kilo. Kwa gunia la kilo 90, hiyo ni chini ya miligramu moja ya sumu katika gunia zima, takriban uzito wa punje moja au mbili za sukari.

Nyapara na mafundi wake

Kuvu ya Aspergillus flavus ina jeni zaidi ya 12,000. Kila jeni ni agizo linaloiambia seli itengeneze protini fulani. Jeni nyingi hushughulikia mambo ya kawaida ya uhai, kama vile kula, kukua na kujikinga. Lakini karibu na ncha ya kromosomu ya tatu kuna fungu la jeni takriban 30 zilizopangana pamoja, na kazi yake ni moja tu: kutengeneza aflatoksini.

Kazi hiyo inafanana na mjengo. Malighafi ni ya kawaida kabisa, yaani chembe ndogo zinazotokana na sukari na mafuta ambayo kuvu imekula kwenye punje. Fundi wa kwanza huziunganisha, wa pili hukata, wa tatu huongeza kipande, na kazi hupita kutoka mkono mmoja hadi mwingine katika hatua zaidi ya 20. Mwishoni hutoka aflatoksini B1, iliyo kali kuliko nyingine zote katika ukoo huo. Fundi mmoja wa mwanzo akikosekana, mjengo wote husimama, hata kama wengine wote wamefika kazini. Jambo hilo litakuwa na maana kubwa hapa chini.

Mafundi hao hawajianzii kazi. Katikati ya fungu kuna jeni iitwayo aflR, na hiyo ndiyo nyapara. Protini yake hushika sehemu maalumu iliyo mbele ya jeni za mafundi na kuziamuru zianze. Ana msaidizi aitwaye aflS, ambaye jeni yake iko ubavuni mwake. Nyapara akinyamaza, fungu zima hulala. Kuvu huendelea kuishi, kukua na kuotesha vumbi la kijani, lakini haitoi sumu.

Kwa muda mrefu swali lilikuwa ni nani anayemwamuru nyapara. Jibu moja lilichapishwa mwaka wa 2004, mwaka ule ule wa maafa ya Ukambani, na watafiti Jin Woo Bok na Nancy Keller wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Walifanya kazi na kuvu iitwayo Aspergillus nidulans, ambayo haitengenezi aflatoksini lakini hutengeneza sumu inayoitangulia katika mnyororo ule ule wa hatua. Walipata jeni waliyoiita laeA. Jeni hiyo ilipoondolewa, nyapara alinyamaza, na mafungu mengine ya jeni zinazotengeneza kemikali mbalimbali za kuvu yakazimika pia. Uzi wa DNA huviringwa kama uzi wa cherehani kwenye kigurudumu chake, na sehemu iliyokazwa haisomeki. LaeA huonekana kusaidia kuilegeza sehemu hiyo ili maagizo yasomwe.

Mwaka wa 2008 watafiti wa Göttingen, Ujerumani, wakishirikiana na wenzao, walionyesha kwamba LaeA hafanyi kazi peke yake. Huungana na protini mbili, VeA na VelB. Hapa pana jambo la kushangaza kidogo. Kukiwa na mwanga, sehemu kubwa ya VeA hubaki nje ya kiini cha seli. Giza likiingia, VeA huingia kiinini pamoja na VelB, hukutana na LaeA, na watatu hao kwa pamoja huamua mambo mawili: kuvu itengeneze kemikali gani, na ijenge maumbo gani ya kuzaana. Maana yake ni kwamba sumu na ukuaji wa kuvu viko chini ya usimamizi mmoja.

Msomaji asiharakishe kuhitimisha kwamba mwanga wa jua huzuia sumu. Ndani ya maganda ya hindi na ndani ya gunia ni giza mchana na usiku. Jua humsaidia mkulima kwa kukausha mahindi, na kukausha ni habari nyingine itakayofuata.

Vidonge vyeusi vya udongoni

Kuvu hii ina njia mbili za kujihifadhi. Ya kwanza ni vumbi la kijani ambalo kila mkulima analijua. Ya pili ni vidonge vidogo vigumu, vya kahawia hadi vyeusi, ambavyo wanasayansi huviita sklerotia. Huanguka udongoni na kustahimili ukame na joto hadi hali iwe nzuri tena. Katika maabara, Aspergillus flavus iliyonyimwa jeni ya veA hushindwa kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: haitengenezi vidonge na haitengenezi aflatoksini. Ikinyimwa laeA, matokeo yanafanana na hayo, na zaidi ya hayo hupata shida kuishambulia punje ya hindi au ya njugu.

Hili si jambo la maabara tu. Kuvu ya Aspergillus flavus ina makundi mawili makubwa. Moja hutengeneza vidonge vikubwa kiasi, na kiwango chake cha sumu hutofautiana sana. Baadhi hutoa nyingi, baadhi kidogo, baadhi hazitoi kabisa. Kundi la pili, linalojulikana kwa herufi S, hutengeneza vidonge vingi vidogo sana na karibu kila mara hutoa sumu nyingi. Watafiti walipochunguza mahindi ya maeneo yaliyopatwa na maafa ya 2004, waligundua kwamba kuvu ya kundi S ndiyo iliyotawala. Mahindi ya maeneo mengine ya Kenya hayakuwa na hali hiyo. Kwa hiyo mzee anayekumbuka kula mahindi yenye kuvu bila madhara makubwa huenda alikuwa na bahati ya kuvu iliyokuwa shambani mwake, na bahati hiyo haiwezi kurithiwa pamoja na shamba.

Ikumbukwe pia kwamba si kila madhara huonekana. Sumu kidogo kidogo kwa miaka mingi haimwangushi mtu mezani. Aflatoksini B1 ikifika kwenye ini hugeuzwa kuwa kemikali inayojishikiza kwenye DNA ya seli za binadamu, na huko ndiko saratani ya ini inakoanzia. Hatari hupanda mara nyingi zaidi kwa mtu mwenye homa ya ini aina ya B. Hiyo ni sababu moja zaidi ya mzazi kuhakikisha mtoto amemaliza chanjo zake za utotoni, kwa kuwa kinga ya homa hiyo ya ini imo ndani yake.

Kinachowasha taa shambani

Kuvu hufuata hali ilivyo. Joto ni mfano mzuri. Kwenye nyuzi 37 za Selsiasi Aspergillus flavus hukua haraka sana, lakini hutengeneza aflatoksini kidogo mno, kwa sababu nyapara na msaidizi wake hawafanyi kazi ipasavyo katika joto hilo. Kwenye nyuzi 28 hadi 30 hukua polepole zaidi, lakini fungu la sumu huwaka lote. Mkazi wa Kibwezi au Makindu hahitaji kuambiwa ni mara ngapi chumba chake cha kuhifadhia mahindi huwa na joto la nyuzi 28 hadi 30.

Ukame nao una sehemu yake. Hindi linalojaza punje huku udongo umekauka hudhoofika na kupasuka ngozi, na wadudu hupata njia. Kuvu huingia kupitia majeraha hayo. Ndani ya punje, hasa kwenye kiini chenye mafuta, hupata chakula kinachofaa utengenezaji wa sumu. Kwa hiyo sumu inaweza kuwa imeanza hata kabla hindi halijavunjwa kutoka kwenye bua. Hapa ndipo wengi hukosea wanapodhani kwamba aflatoksini ni tatizo la ghala peke yake. Mahindi yanaweza kuingia ghalani yakiwa tayari na sumu, na ghala bovu likaiongeza mara nyingi.

Halafu kuna suala la vumbi la kijani lenyewe. Tafiti za mwaka wa 1997 kwenye Aspergillus nidulans zilionyesha kwamba ishara ile ile inayoiambia kuvu iendelee kurefuka huzuia vumbi na sumu pamoja. Ishara hiyo ikitulizwa, vyote viwili huanza. Lakini kuvu isiyo na jeni kamili za sumu bado hutoa vumbi zuri la kijani. Kwa upande mwingine, mkulima akilifuta au kulipeperusha vumbi la kuvu yenye sumu, sumu iliyokwisha kuingia ndani ya punje hubaki. Kupepeta na kuchagua mahindi husaidia kupunguza, na inafaa kufanywa, ila mahindi yaliyochaguliwa yakaonekana meupe hayajathibitishwa kuwa salama hadi yapimwe.

Kuvu dhidi ya kuvu

Nchini Japani kuna kuvu iitwayo Aspergillus oryzae, jamaa wa karibu sana wa Aspergillus flavus. Wajapani wameitumia kwa karne nyingi kuchachusha soya na mchele ili kupata mchuzi wa soya na pombe ya sake. Kuvu hiyo bado ina mabaki ya fungu la jeni za aflatoksini, lakini fungu hilo halifanyi kazi tena. Watu wanakula mazao yake kila siku.

Mashamba ya Kenya pia yana kuvu za Aspergillus flavus zilizopoteza uwezo wa kutengeneza sumu. Baadhi ya kuvu za namna hii zimepoteza fungu lote la jeni. Nyingine zina kosa dogo tu. Aina moja inayotumiwa Marekani kwenye pamba na mahindi ina herufi moja ya DNA iliyobadilika katika jeni ya fundi mmoja wa mwanzo, na kosa hilo moja limesimamisha mjengo wote.

Hapo ndipo lilipotoka wazo la Aflasafe. Bidhaa ya Kenya, iitwayo Aflasafe KE01, ilitengenezwa kwa ushirikiano wa KALRO, taasisi ya kimataifa ya IITA na Wizara ya Kilimo ya Marekani, ikasajiliwa nchini mwaka wa 2015. Hutengenezwa katika kituo cha KALRO Katumani, Machakos. Ndani yake mna aina nne za Aspergillus flavus zisizo na sumu, zote zikiwa zimepatikana hapa Kenya. Hubebwa na punje za mtama zilizouawa kwa joto ili zisiote, zikapakwa mbegu za kuvu hiyo na rangi ya buluu ili zisichukuliwe kuwa chakula.

Mkulima hutawanya kilo 4 kwa ekari, kwa mkono, wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kuchanua, udongo ukiwa na unyevunyevu. Baada ya siku chache punje hizo za mtama huota vumbi la kijani. Mkulima asiogope akiliona, ndilo analolilipia. Vumbi hilo huwahi nafasi kwenye ndevu na kwenye punje kabla ya kuvu yenye sumu kufika. Katika majaribio ya mashambani, mara nyingi sumu hupungua kwa asilimia 80 au zaidi, na kinga hiyo huandamana na mahindi hadi ghalani kwa kuwa kuvu ile nzuri husafiri nayo.

Baadhi ya wakulima huuliza, na swali lao ni la haki: je, kuvu hii haiwezi kujifunza kutengeneza sumu? Kuvu hizi huishi kama koo. Uzi wa kuvu wa ukoo mmoja ukikutana na wa ukoo mwingine, kwa kawaida haviungani, na hivyo jeni hazipitishwi kirahisi kati yao. Aina zinazotumika huchaguliwa makusudi kutoka koo ambazo zimeonekana kutokuwa na sumu katika sehemu nyingi. Ndiyo maana pia mkulima hashauriwi kuokota kuvu yoyote ya kijani na kuitawanya shambani akidhani anapata Aflasafe ya bure.

Kasoro yake ni saa. Ikitawanywa wakati mahindi yamekwisha kutoa ndevu, kuvu yenye sumu imeshatangulia. Ikitawanywa kwenye udongo mkavu kabisa, mtama hauoti vumbi, na ndege na panya huweza kuumaliza. Palizi ifanywe kabla, kwa kuwa jembe likipita baadaye litauzika mtama na vumbi halitapeperuka. Katika mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo ndizo za kutegemewa zaidi Makueni, siku hizo huja haraka kwa mbegu zinazokomaa mapema. Mkulima anayengoja aone maua ndipo aende kwa duka la pembejeo atakuwa amechelewa.

Watafiti wamejaribu pia njia nyingine. Mwaka wa 2017 timu ya Chuo Kikuu cha Arizona ilitangaza kwamba imetengeneza mahindi ya majaribio yanayoizima jeni moja ya sumu ndani ya kuvu inayoyashambulia, na hawakupata aflatoksini ya kupimika ndani ya punje. Hiyo ni kazi ya maabara. Mkulima wa Mbooni asiipange katika bajeti ya msimu ujao.

Kukausha, na kosa la jikoni

Kuvu haina meno wala miguu, na bila maji haiwezi kukua. Mahindi yaliyokaushwa hadi unyevu wa asilimia 13.5 au chini hayaipi maji ya kutosha, na jeni za sumu hazina wa kuziamuru. Mahindi hutoka shambani mara nyingi yakiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 18, na siku chache za kukaa yamelundikwa kwa kiwango hicho zinatosha kuwasha kila kitu kilichoelezwa hapo juu.

Ndiyo sababu mahindi huanikwa juu ya turubai, si juu ya ardhi tupu yenye mbegu za kuvu na vidonge vyake. Jioni yafunikwe au yaingizwe ndani. Yakipukuchuliwa kwa kupigwa na mapande, punje nyingi huvunjika, na punje iliyovunjika ni mlango ulio wazi. Mashine ya kupukuchua ni bora mahali inapopatikana.

Kipimo cha nyumbani kipo, ingawa ni cha makadirio. Chukua chupa kavu yenye mfuniko, tia mahindi hadi robo yake na vijiko vichache vya chumvi kavu, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikishikamana na kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15 na mahindi yarudi juani. Isiposhikamana, mahindi yako chini ya kiwango hicho, lakini bado huenda hayajafika 13.5. Siku moja zaidi ya jua haipotezi kitu. Kwa kipimo kamili inahitajika mashine ya unyevu, na maghala ya NCPB hupima mahindi kabla ya kuyapokea.

Mifuko ya kuhifadhia isiyopitisha hewa husaidia kwa sababu fukusi na dumuzi hufa kwa kukosa hewa, na bila wao punje hazitobolewi wala hazitoi joto na unyevu. Lakini mfuko huo ukijazwa mahindi mabichi, umewafungia maji ndani, na utafunguliwa kwa majuto.

Jikoni ndiko kuliko na imani iliyo ngumu kuondoa: kwamba moto huua kila kitu. Moto huua kuvu. Hauui sumu. Aflatoksini huhimili joto la zaidi ya nyuzi 200, ilhali sufuria ya isyo huchemka kwa nyuzi 100 hata ikikaa jikoni kutwa nzima. Kuchoma, kusaga na kuchachusha kuwa pombe hakuiondoi. Kukoboa mahindi kuwa muthokoi hupunguza sehemu ya sumu kwa kuwa ganda na kiini hutoka, ila hakuwezi kuyafanya mahindi mabaya kuwa mazuri, na makapi yanayobaki huwa yamebeba sumu iliyoondolewa. Makapi hayo huishia kwa kuku na ng'ombe.

Ng'ombe anayelishwa mahindi au makapi yenye sumu huitoa katika maziwa ikiwa imebadilika kidogo na kuitwa aflatoksini M1. Maziwa hayo hayabadiliki rangi wala ladha, na anayeyanywa zaidi ni mtoto. Mahindi yaliyokataliwa na binadamu kwa hiyo yasigeuzwe chakula cha mifugo, wala yasichanganywe na mazuri ili yauzwe. Gunia moja baya likichanganywa na manne mazuri huweza kuyapitisha yote matano kiwango kinachoruhusiwa.

Dalili za mtu aliyekula sumu nyingi ni kukosa hamu ya chakula, kutapika, maumivu ya tumbo, macho kugeuka manjano, na tumbo au miguu kuvimba. Mara nyingi hutokea kwa watu kadhaa wa nyumba moja, na wakati mwingine mbwa au kuku hutangulia kufa. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo mwilini. Hospitali husaidia ini na mwili kustahimili, na kuwahi ni muhimu. Familia yenye dalili hizi iache mara moja kula mahindi iliyokuwa ikitumia, imfikishe mgonjwa katika kituo cha afya kilicho karibu, na imweleze mhudumu kile walichokula. Mahindi yenyewe yafungwe kando, mbali na watoto na mifugo, na yasitupwe wala kuchomwa hadi afisa wa afya ya umma wa wadi achukue sampuli.